Nakala Moja kwa Ofisi ya Chifu

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili asije mtu akatafuta ushujaa humu ndani, akaukosa, akanilaumu. Nimezaliwa Garissa, na ukiondoa miaka ya shule niliyoimalizia Malindi kwa mama mdogo, nimeishi Garissa maisha yangu yote. Kila basi linaposimama kwenye kizuizi cha darajani pale Tana, askari akapanda na kusema "vitambulisho mkononi," natafuta changu mifukoni kama nimekiiba. Na kitambulisho ninacho, halali kabisa, kina picha yangu na jina la baba yangu. Watu wa huku, Wasomali tunaoulizwa kila siku kama ni Wakenya, hawahitaji kuelezwa. Nyinyi wengine mtanivumilia.

Kazi yangu ilikuwa katibu wa kamati ya maadili ya utafiti katika kampasi moja ya chuo kikuu hapa mjini. Usisikie jina refu ukadhani ni cheo. Ni chumba kimoja, feni inayolalamika, kabati la chuma, na mimi. Mwalimu au mwanafunzi akitaka kwenda kwa watu kuwauliza maswali au kuwatoa damu, analeta kwanza karatasi zake kwetu. Tunazisoma na kujiuliza kama kuna mtu ataumia, kama siri za watu zitatunzwa, kama wanaohojiwa wamekubali wenyewe ama mtu mwingine amekubali kwa niaba yao. Tukiridhika, mwenyekiti anatia saini, mimi napiga muhuri, basi.

Wanakamati walikuwa saba. Sita walikuwa walimu wa chuo, wote wa kutoka bara, wasiojua Kisomali, watu wazuri tu, waliokuja kazini na kurudi kwao kila likizo. Wa saba alikuwa mwakilishi wa jamii, mtu asiye wa chuo, ambaye sheria inamtaka awepo ili karatasi zisomwe na mtu wa kawaida pia. Wetu alikuwa mzee aliyewahi kuwa dalali wa ngamia, anaishi Griftu, huko Wajir. Nilimwita Adeer, kama tunavyowaita wazee wa rika la baba. Kusoma alijifunzia ukubwani, tena Kisomali pekee. Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani, lakini alikuwa akikaa kimya mkutano mzima, halafu mwisho anasema, "Sasa hii mambo nani ataumia?" Hapo profesa mzima anaanza kupekua makaratasi yake kama mtoto aliyesahau kazi ya nyumbani. Nilikuwa nampenda kwa hilo.

Ndipo ikaja barua ya bajeti. Kampasi kuu ilisema hali ni ngumu, kila idara ijibane. Kamati zote zikae na walioko karibu, nauli na malazi ya wanaotoka mbali yamesimamishwa hadi itakapoarifiwa. Aliyetoka mbali kwetu alikuwa mmoja tu. Mwenyekiti aliniambia Adeer ashiriki kwa simu. Nilicheka. Mtandao wa Griftu mnaujua? Mara upo, mara haupo, na mzee mwenyewe simu anaiacha nyumbani akienda kuangalia wanyama.

Wakati huohuo mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili alileta utafiti wake. Alikuwa msichana mpole kutoka Magharibi, mwenye sauti ndogo, na alikuwa amegusa kidonda chenyewe. Ile miaka ya ukame mkali, mifugo ilipokwisha, akina mama wengi wa huku, raia kabisa, walikwenda kambini Ifo wakajiandikisha kama wakimbizi ili watoto wale. Nani angewalaumu? Mtoto akilia njaa huulizi daftari ni la nani. Lakini miaka ilipopita, watoto wale wakataka vitambulisho, wakaambiwa: nyinyi ni wakimbizi, majina yenu yako kambini. Mtu ambaye babu yake amezikwa hapahapa, anaambiwa si wa hapa. Msichana yule alitaka kuwasikiliza akina mama hao na kuandika waliyopitia.

Kwa sheria zetu, utafiti unaogusa jamii namna hiyo haupitishwi bila mwakilishi wa jamii. Siku ya mkutano nilimpigia Adeer mara tatu. Hakupatikana. Mwenyekiti akatazama saa. "Andika ametoa udhuru, na ameridhia kwa simu," akaniambia. "Tutamweleza baadaye."

Nikaandika. Mkono wangu mwenyewe, kalamu yangu mwenyewe. Mkataba wangu wa kazi ulikuwa unakaribia kwisha na barua ya bajeti ilikuwa juu ya meza, na mimi nina watoto. Sisemi ili nihurumiwe. Nasema ilivyokuwa.

Sasa nije kwa rafiki yangu. Ni mama anayeuza maziwa ya ngamia sokoni, na wauza maziwa wako wengi, kwa hivyo hapo sijamtaja. Tulikaa mkeka mmoja kwenye madrasa tukiwa wadogo, tukachapwa pamoja kwa kuchezacheza. Yeye alikuwa miongoni mwa waliokwenda Ifo. Kitambulisho chake alikuwa nacho tangu zamani, hakuna aliyemgusa. Aliyekuwa hatarini ni binti yake. Alipelekwa kambini akiwa mgongoni, akaandikwa kwenye kadi ya chakula ya mama yake kwa jina lisilo lake, na kwa kuwa alikuwa mchanga alama za vidole vyake hazikuchukuliwa. Maana yake mashine haimjui. Kinachoweza kumjua ni mdomo wa mtu tu. Na sasa binti huyo amemaliza kidato cha nne, amefaulu, amepata nafasi ya kusomea uuguzi nje ya kaunti. Bila kitambulisho hata daraja havuki.

Mimi ndiye niliyempeleka yule mwanafunzi kwake. Tulimkuta akiosha madebe yake. Tulikuwa tukizungumza Kisomali, mimi nikimtafsiria mgeni. Rafiki yangu alisikiliza yote, akamtazama msichana kwa upole, kisha akanigeukia mimi.

"Karatasi yake siijui," akasema. "Wewe nakujua. Niapie jina langu halitatoka."

"Wallahi jina lako halitatoka," nikasema.

Akakaa, akasimulia kwa saa mbili. Alilia pia, mara moja, alipofika kwenye habari ya kadi. Huku kwetu ndivyo inavyokwenda: saini ni ya ofisi, watu wanakubaliana kwa kiapo. Fomu ile ya kukubali kuhojiwa aliitia alama ili tu msichana afurahi.

Baada ya wiki kadhaa mwanafunzi alikuja ofisini kwangu na tatizo. Alihitaji majina ya bandia ya kutumia kwenye tasnifu. Yale aliyoyabuni yalikuwa vichekesho, majina ya watangazaji wa televisheni aliyoyaokota mtandaoni. Nikamwambia, "Ala! Hakuna mama wa soko la Garissa anayeitwa hivyo. Watu watakuona umepika." Na hapo nikajiona mjanja.

Lazima niwaeleze. Kwetu mtu ana majina mawili. Liko la kwenye kitambulisho, jina lake na la baba na la babu, na hayo yanafanana mno. Ukiyaita sokoni wanageuka wanawake kumi. Halafu liko la utani, analopewa na watu kwa umbo lake, au kwa jambo alilolifanya, au kwa mnyama aliyempoteza. La utani halifanani na la mtu mwingine. Linakufuata mpaka kaburini, na watoto wako wanaitwa kwalo. Mzee aliyepoteza jicho anaitwa kwa jicho lake hadharani na anaitika bila kukasirika.

Sasa mimi, maisha yangu yote, nimeiogopa ofisi. Askari wa daraja, mashine ya vidole, daftari. Na ofisi inatujua kwa jina la ofisi. Kwa akili yangu, ukificha jina la kitambulisho umemficha mtu. La utani halikuwa jina kwangu, lilikuwa maneno ya nyumbani tu, nani wa serikali atayajua? Nikamwambia msichana, "Weka la kila mama la utani. Yatasikika ya kweli, na hakuna rekodi yoyote inayoyabeba." Akanishukuru sana. Wanakamati sita wa kutoka bara wakasifu pia. Mmoja alisema tumehifadhi utamaduni. La rafiki yangu lilikuwa kwenye sura ya tatu, pamoja na habari yote ya kadi na ya mtoto. Siliandiki hapa. Nimeshakoma.

Na sikuishia hapo. Utafiti ukikamilika, maadili yanataka matokeo yarudishwe kwa jamii. Zamani tungeitisha baraza, mikeka ikatandikwa, chai ikapikwa, watu wakasomewa na kuuliza. Safari hii hapakuwa na bajeti ya chai, wala mikeka, wala mafuta ya gari. Nikapendekeza tupeleke nakala moja iliyojalidiwa kwa ofisi ya chifu, ihesabike kwamba tumerudisha. Mwenyekiti akanipongeza kwa kubana matumizi. Nikaipeleka mwenyewe kwa tuktuk, ikapokelewa na karani, nikagongewa muhuri kwenye daftari langu, nikarudi ofisini nimeridhika kabisa.

Ikapita miezi. Siku ya Jumanne asubuhi, Adeer alitokea mlangoni. Alikuwa amekuja Garissa kumuuguza nduguye hospitalini. Kofia kichwani, fimbo mkononi, hasira za mchezo usoni.

"Mumenifukuza bila barua?" akauliza. "Hata ngamia mzee akiuzwa anaambiwa."

Nikampa kiti, nikaagiza chai ya maziwa, nikamweleza habari za bajeti. Ili kumpoza nikamtolea nakala ya ile tasnifu iliyobaki ofisini, nikamwonyesha kazi ya kamati yake. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza, asichokijua, lakini alivaa miwani, akawa anafungua kurasa taratibu kama mtu anayekagua meno ya mnyama. Ghafla akacheka. Kidole chake kilikuwa juu ya neno la Kisomali.

"Huyu namjua!" akasema. Akataja ukoo wake, na mumewe aliyekufa, na mahali anapouza. Akafungua mbele, akacheka tena. "Na huyu! Huyu si yule wa duka la nguo, aliyegombana na wifi yake?" Akaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, hajakosea hata mmoja. Alipofika sura ya tatu akasoma jina la rafiki yangu, akasema, "Wa maziwa," na akatazama neno lililofuata, Ifo, ambalo halihitaji Kiingereza. Kicheko kikakatika.

Aliifunga tasnifu, akavua miwani. "Mimi natoka Griftu," akasema. "Garissa nakuja mara mbili kwa mwaka. Hawa wote nimewajua kwa dakika kumi." Kisha: "Mimi nilikuwa wapi hii ikipita?"

"Mtandao ulikuwa mbaya, Adeer."

"Na nani mwingine amepewa?"

Nikajibu maktaba, msimamizi, na ofisi ya chifu. Nilipolitamka hilo la mwisho ndipo nilipojua nilichofanya. Siku hizo kijana wa huku hakupewa kitambulisho kwa cheti cha kuzaliwa pekee. Alipigwa msasa: anakalishwa mbele ya wazee wa mtaa, wanamuuliza yeye ni wa nani, ukoo gani, nani anamjua. Wazee wale hawana mashine. Hawasomi jina la kitambulisho cha mama yako. Wanakuuliza lile la utani, ndilo wanalokujulia. Na wanakaa wapi? Ofisi ya chifu. Nilikuwa nimeificha siri ya watu isionekane na serikali, nikaipeleka kwa mkono wangu kwa wale wanaoiambia serikali nani ni nani.

Msasa uliofuata ulikuwa Alhamisi. Binti wa rafiki yangu alikuwa kwenye orodha. Nilijua, kwa kuwa mimi ndiye niliyemjazia fomu.

Adeer aliondoka bila kumaliza chai. Nilifunga mlango nikampigia mwenyekiti. Akanisikiliza, kisha akauliza kwa utulivu, "Majina halisi yamo?" Nikasema hayamo. "Basi kanuni haijavunjwa. Kuiondoa tasnifu kunahitaji kikao, na kikao unajua hali ya bajeti." Akaongeza: "Na kumbukumbu za kile kikao cha kwanza uliziandika wewe. Tusifukue mambo." Alinitakia siku njema. Wallahi alinitakia siku njema.

Jumatano nilikwenda kwa chifu asubuhi na mapema, nimebeba uongo wangu tayari: kwamba nakala ina kurasa zilizochapwa vibaya, naja kuibadilisha. Karani wa pale alikuwa kijana wa Hola, mchangamfu.

"Kile kitabu cha chuo?" akasema. "Kilikaa hapo juu ya kabati hadi kikaota vumbi. Juzi mwalimu amekichukua. Unamjua mwalimu, akiona karatasi lazima asome."

Nilimjua. Mwalimu mkuu mstaafu, mmoja wa wazee wa msasa, mtu mwadilifu mpaka unamkimbia. Nikamuuliza karani kama amesema lolote. "Amesema kina mambo ya maana," akajibu.

Nilitembea kwa miguu hadi kwa mwalimu, jua la saa tano likinipiga utosini. Mkewe alifungua geti. Alifurahi kuniona, akauliza watoto, akauliza mama. Kutoka pale niliona kibaraza, na kwenye kiti cha kamba nikaona magoti ya mwalimu, na juu ya magoti jalada la buluu.

"Yuko hapo anasoma," mkewe akasema. "Nimwite?"

Hili nimeliwaza mara nyingi kuliko yote. Ningeingia ningesema nini? Nikimwomba anirudishie, atataka kujua kwa nini. Mtu wa namna ile, ukimwambia ukurasa fulani ni mbaya, ndio kwanza ataufungua. Huenda hajafika sura ya tatu. Huenda amepita haraka. Nilijaza kichwa changu huenda, huku mama yule akiningoja na mkono kwenye geti.

"Usimsumbue," nikasema. "Nilikuwa napita tu kuwasalimu."

Niliondoka kama mwizi. Nikaenda sokoni, nimeamua sasa nitamwambia rafiki yangu. Maneno yenyewe ni machache: ahirisheni, msiende kesho, nimefanya kosa. Msasa mwingine ungekuja baada ya miezi, nafasi ya chuo ingepotea, lakini nafasi nyingine ingetafutwa. Nilimkuta amevaa baibui mpya. Anaijaribu, akasema, ya kesho, asije akamtia binti aibu mbele ya wazee. Wenzake walikuwa wakimtania kwamba anakwenda kuposwa. Alinimiminia kikombe cha maziwa bila kuniuliza, akakataa pesa.

"Walaal," akaniambia, yaani ndugu yangu, "bila wewe fomu zile ningezijaza vipi?"

Nikanywa. Nikasema Mungu afanye wepesi. Nikaenda zangu nyumbani.

Alhamisi nilikwenda, sijui kwa nini. Labda nilidhani nikiwepo halitatokea. Wazee watano walikaa nyuma ya meza kwenye ukumbi wa mabati, milango wazi kwa sababu ya joto, wazazi na jamaa tumejaa nje kwenye kivuli cha ukuta. Kila kitu kilisikika. Mwalimu alikuwa katikati. Jalada la buluu lilikuwa mbele yake, na ndani limechomekwa kijiti cha mswaki kuonyesha ukurasa. Nilipokiona kile kijiti nililazimika kuinama, nikajifanya nafunga kiatu.

Vijana waliingia na kutoka. Wengi walipita. Binti akaitwa. Alikuwa amejifunga hijabu nyeupe, amejinyoosha, na alijibu vizuri: ukoo, babu, kisima, mtaa. Rafiki yangu alinishika mkono na kunong'ona, "Msikie, msikie."

Mwalimu aliuliza kwa sauti ya upole kabisa, "Na mama yako, mwanangu, watu wanamwitaje?"

Binti akatabasamu. Ni jina ambalo mtaa mzima unalipenda. Akalitamka kwa sauti, kwa fahari.

Mwalimu alifungua pale penye kijiti, akasoma, akamsogezea mzee wa kulia. Yule akampa wa pili yake. Hawakukasirika. Ningependa wangekasirika. Mwalimu alivua miwani akajisugua macho. "Tumeagizwa tusipitishe aliyeandikwa kambini," akasema. "Fomu hii tunaiweka kando, ichunguzwe. Nenda nyumbani, mwanangu. Hujafanya kosa."

Rafiki yangu hakuelewa kwanza. Aliuliza watu, kwani wamesema nini, kwani wamesema nini. Vidole vyake vilikuwa bado vimenishika, na nilivitoa kimoja kimoja, nikasema nina kazi ofisini.

Wiki ile nilikuwa mtu wa kushtuka. Mlango ukigongwa, ninatafutwa mimi. Simu ikilia, mimi. Nilikwenda maktaba nikaiazima nakala yao na sijairudisha mpaka leo. Mwenyekiti hakuuliza kitu. Mkataba wangu ukaongezwa. Nilimkwepa rafiki yangu kwa kupita njia ya hospitali, na nikaanza kununua maziwa ya pakiti dukani, mimi ambaye sijawahi kuyapenda.

Siku ya nane, baada ya sala ya alasiri, alikuja nyumbani. Uso umemwisha. Alikuwa na mfuko wa plastiki wenye karatasi zote za binti, vyeti, barua ya chuo ambayo siku zake zilikuwa zinayoyoma. Alikaa kwenye mkeka, akakataa chai.

"Niandikie barua ya rufaa," akasema. "Wewe ndiye ninaye."

Nikaleta kalamu. Nikaanza kuandika, Kiswahili changu kikinyooka kama kawaida yake, kwa heshima na taadhima. Nilimuuliza anavyotaka nieleze habari ya kambi. Alikuwa anatazama ukuta.

"Mashine haikumjua," akasema. "Hawakuleta hata mashine. Walikuwa na kitabu mezani, cha mambo yao ya ofisi, lakini ofisi itanijuaje mimi? Ni mtu aliyewaambia. Na aliyekuwa nami Ifo, anayejua habari ya kadi, ni wifi yangu peke yake. Jana nimekwenda kwake, nimemwambia mbele ya watoto wake kwamba mimi na yeye basi, hata nikifa asije. Ameapa kwa Mungu, akalia. Niliacha akilia." Kisha akanigeukia. "Wewe umesoma. Unafikiri ni yeye?"

Ningeweza kusema. Mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa wawili, na wifi yake ana watoto wanne na moyo mwema.

"Sijui, walaal," nikasema.

Alitikisa kichwa. Akainua mikono yake miwili, viganja juu, kwenye mwanga wa dirisha. Kwetu dua la mama aliyedhulumiwa hakuna anayelichukua kwa mzaha, hata wahuni wa stendi hulikimbia. Alimwomba Mungu kwamba aliyemfungia mwanawe mlango naye afungiwe, kwa watoto wake, kwa riziki yake, na siku atakayohitaji mtu asimpate. Aliomba taratibu, bila kupaza sauti, neno baada ya neno, hadi mwisho.

Akaningoja. "Sema amina," akasema.

Nikaweka kalamu chini, nikasema amina, nikajifuta uso kwa mikono yote miwili.